Ngozi Hununuliwa kwa Mizani, Huuzwa kwa Jicho

Vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara ya ngozi wakinifuata, swali lao la kwanza huwa mtaji. Mimi huwauliza nani atawachunia. Wengi hubaki wakinitazama, maana wamekuja na hesabu ya kilo, nauli ya lori na bei ya kiwandani, na mchunaji hawakumweka popote. Yule kijana wa machinjioni, mwenye gamboti na kisu anachokinoa kwenye ukingo wa saruji, ndiye anayeipangia ngozi thamani yake, na huimaliza kazi hiyo kabla mnyama hajapoa. Tunaofuata baada yake, sisi wanunuzi, wenye maghala, wenye viwanda, hatuwezi kuongeza kitu alichokiharibu. Tunaweza kukitunza alichokiacha kizima, basi.

Nimelelewa kwenye banda la ngozi hapa Shinyanga. Baba yangu alianza kibarua cha kuwamba ngozi kwenye ghala la mfanyabiashara wa Kihindi karibu na stesheni ya reli, miaka ya mwishomwisho ya ukoloni. Akawa mnunuzi wake wa minadani, kisha akajenga banda lake mwenyewe: nguzo za miti, bati juu, pande zote wazi ili upepo upite. Kaka zangu walikwenda shule na mjini, mimi nikabaki na baba na ngozi. Alipofariki banda likawa langu. Harufu yake wageni huilalamikia. Kwangu ilikuwa harufu ya ada ya shule iliyolipwa.

Nataka kuandika kuhusu biashara hii kwa sababu naona inakufa huku watu wakisema imekufa kwa ajili ya plastiki na viatu vya mitumba. Hivyo vimechangia, sikatai. Lakini kuna kidonda cha zamani zaidi, na baba alinionyesha kidonda hicho kwa kidole nikiwa mtoto.

Mnadani alikuwa na desturi yake. Ngozi ikiletwa, haikwenda kwenye mizani kwanza. Aliitupa mezani upande wa nyama ukiwa juu, akapitisha kiganja kutoka shingoni mpaka mkiani, akaiinua kuelekea kwenye mwanga kutafuta matundu, akaigeuza upande wa manyoya, akavuta manyoya kidogo kwa vidole viwili pale tumboni, mahali panapoanza kuoza mapema. Manyoya yakinyofoka, ngozi imeshaanza kuliwa na bakteria hata kama haijatoa harufu. Baada ya hapo ndipo alipotaja daraja: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, au ya kutupa. Kilo zilikuja mwisho.

Wanunuzi wengine wote pale mnadani walipima tu. Ngozi juu ya mizani, kilo ngapi, shika hela. Nilimwuliza baba kwa nini anajichosha. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wananunua kwa mizani, lakini huko mbele ngozi inauzwa kwa jicho. Katikati hapo kuna mtu anaumia."

Fikiria mwenyewe. Mnunuzi akilipa kwa kilo, aliyeacha vipande vya nyama na mafuta kwenye ngozi anapata zaidi kuliko aliyekwangua vizuri. Aliyeileta ikiwa bado na unyevu anapata zaidi kuliko aliyesubiri ikauke sawasawa. Aliyeiburuza kwenye matope anapata zaidi kuliko aliyeiosha. Ngozi mbichi ya ng'ombe wetu wa asili huwa na kilo 15 hadi 20 hivi, na ikikauka vizuri hubaki theluthi moja au zaidi kidogo, kwa hiyo mtu mwangalifu anayeyaondoa maji yote anaiona hela yake ikiondoka pamoja nayo. Bei ya namna hiyo inamfundisha mtu uchafu. Halafu tunamlaumu.

Kukausha nako watu hudhani ni jua tu. Ngozi ina adui wawili. Ukichelewa, hasa zikipita saa tatu nne tangu mnyama achinjwe na joto letu hili, uozo unaanza. Ukiharakisha, ukaitandaza chini kwenye jua la saa sita, ngozi inababuka: tabaka la nje linakauka na kuziba, maji yanabaki katikati, na joto linaipika kwa ndani, sawa na mkate ulioungua ganda huku unga wake haujaiva. Ukiitazama ni kavu, ngumu, safi. Hakuna jicho linaloona kasoro. Uharibifu hujitokeza kiwandani, kwa kuwa ngozi kavu lazima iloweshwe kwanza ili irudi kuwa laini, na ile iliyopikwa na jua hutoa malengelenge, matabaka yake huachana, na mahali pengine hutoboka mikononi mwa fundi. Kumbuka kiwanda hicho kinaweza kuwa ng'ambo ya bahari, miezi mingi baada ya siku ile ya mnada.

Ndiyo maana tunawamba kivulini. Ngozi inatobolewa matundu madogo pembezoni kabisa, inafungwa kwa kamba za katani kwenye fremu ya miti, inavutwa sawia pande zote, na inasimamishwa ili hewa ipite mbele na nyuma. Wahenga walishasema ngozi ivute i maji. Ikishakauka imejikunja, ukilazimisha kuinyoosha inakatika kwenye mkunjo, na mkunjo wa mgongoni ni hasara mahali penye thamani kuliko pote. Katika kuvuta nako kuna kiasi. Vibarua wengi huvuta mno ili ngozi ionekane kubwa, inakuwa nyembamba ubavuni, na mnunuzi mzoefu huigundua kwa kuishika tu.

Ngozi ikishakauka bado ina wa kuila. Kuna mdudu mdogo mweusi, na viluwiluwi vyake vyenye manyoya, ambao hutoboa ngozi kavu ghalani usiku na mchana. Zamani ngozi zilichovywa kwenye maji ya sumu ya aseniki kabla ya kufungwa marobota. Baba alifanya kazi hiyo ujanani bila glavu, na kucha zake hazikupona mpaka anaingia kaburini. Sijasoma popote majina ya watu waliofanya kazi hiyo ya kuchovya.

Kidonda nilichokitaja ni cha tangu enzi za merikebu za tanga. Watu wakizungumza Unguja ya Seyyid Said hutaja karafuu, pembe za ndovu na, Mungu atusamehe, watumwa. Ngozi haitajwi. Lakini Wamarekani waliokuja Unguja walizitaka sana. Mkataba wao wa biashara na Seyyid Said, uliofungwa na Edmund Roberts, ni wa mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika Richard Waters, balozi wao mdogo wa kwanza, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Merikebu za Salem zilishusha merekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na kurudi na pembe, sandarusi na ngozi za ng'ombe. Ngozi zilitoka pwani ya Benadir, yaani Brava, Merka na Mogadishu, na zilitoka pande za Lamu na Madagaska. Salem yenyewe ilikuwa na viwanda vya kuchakata ngozi, na jirani yake Lynn ulikuwa mji wa washona viatu. Kwa hiyo ng'ombe aliyechungwa na Msomali kando ya mto Shebelle aliweza kuishia kuwa kiatu cha mfanyakazi wa Massachusetts, na yule Msomali akavaa kitambaa kilichofumwa huko huko Massachusetts.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilivunja mzunguko huo, na mwaka 1870 merikebu iitwayo Glide ikaingia Salem kutoka Unguja ikiwa ya mwisho ya safari hizo. Kilichonigusa niliposoma habari hizi ni namna mzigo ulivyokuwa ukitajwa kwa jina la mahali ulikotoka. Ngozi za mahali fulani, bei fulani. Mnunuzi wa mbali hana njia ya kujua nani alikausha vizuri na nani alibabua, kwa kuwa kasoro imefichika mpaka ngozi ilowe. Anachofanya ni kukumbuka hasara aliyopata msimu uliopita na kuikata kwenye bei ya mzigo wote wa bandari ile. Mwangalifu na mzembe wanalipa faini moja. Na faini hiyo inateremka: mwenye merikebu anamkata mwenye ghala, mwenye ghala anamkata mchuuzi, mchuuzi anamkata mfugaji, mfugaji anajisemea kwamba hakuna haja ya kujisumbua. Mwaka unaofuata mzigo unakuwa mbaya zaidi.

Huku kwetu bara, wakati huo ngozi ilikuwa ya kulalia, ya kamba, ya mbeleko na ya ngoma. Haikuuzwa mbali kwa sababu ya hesabu rahisi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na safari ya kutoka Usukuma mpaka Bagamoyo ilikula miezi. Pembe ya ndovu iliweza kulipia miguu ya watu kwa umbali huo. Ngozi haikuweza. Kisha miaka ya 1890 na 1891 ikaja sotoka, ile tauni ya ng'ombe, wakalala chini nchi nzima, Umasaini hata kubaki mifupa, na ikachukua miaka mingi kabla mifugo haijarudi.

Reli ndiyo iliyotuingiza sokoni. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa. Mwanza na Bukoba zilikuwa chini ya Wajerumani, lakini ngozi zake zilivuka ziwa mpaka Kisumu, zikapanda treni ya Waingereza mpaka Mombasa. Aliyeona mapema kuliko wengine ni Alidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyeanzia Bagamoyo akiwa chini ya Sewa Haji, kisha akatandaza maduka kufuata njia za misafara na baadaye kufuata reli mpaka ndani ya Uganda. Duka lake liliuza nguo, chumvi na shanga, na kwenye mlango huo huo likanunua pembe, ngozi, ufuta. Alifariki mwaka 1916, na kwa mpango alioubuni ndivyo biashara ya ngozi ilivyoendeshwa huku kwetu kwa nusu karne iliyofuata. Tajiri wa baba yangu alikuwa mjukuu wa mpango huo: duka mbele, ghala nyuma, mizani katikati.

Wajerumani nao walijenga reli yao ya kati, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Waingereza wakaitoa tawi Tabora kwenda Mwanza, likakamilika mwaka 1928, na tawi hilo ndilo lililopita Shinyanga. Kuanzia hapo ngozi za Usukuma hazikuwa na haja ya kuvuka ziwa. Baba alikumbuka mabehewa yakipakiwa marobota mpaka usiku, na kuli wakiimba.

Serikali ya Kiingereza ililiona tatizo la kubabua juani, na ikahimiza mabanda ya kivuli na kuwamba kwenye fremu. Katika hilo nawapa haki yao, mafunzo yalikuwa ya kweli, na baba aliyapata kwa Bwana Mifugo aliyekuja kukagua ghala. Lakini walimfundisha mtu namna ya kuwamba, kisha wakamwacha aende kuuza kwa mnunuzi anayepima kilo tu. Kwa nini ahangaike na fremu, kamba na siku za kusubiri, ikiwa ya jirani yake iliyotandazwa uani inapata senti zile zile? Aliyebaki kuwamba ni yule aliyekuwa na tajiri anayelipa kwa daraja. Tajiri wa baba alilipa hivyo kwa sababu alikuwa na mnunuzi Ulaya aliyemjua kwa alama ya robota lake, na alama hiyo aliilinda kuliko duka.

Sasa niseme habari ya kondoo na mbuzi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo, na watu wengi wenye ng'ombe huwadharau.

Kondoo wetu si wa sufu. Ana manyoya mafupi, na ngozi yake ni nyembamba. Mtu anayejua kondoo wa Ulaya kwa sufu yake huona wa kwetu hana faida. Lakini kule kwenye sufu, vinyweleo vingi vilivyosongamana huifanya ngozi kuwa legevu. Ngozi ya kondoo wa manyoya mafupi ina nyuzi zilizoshikana, ni laini na bado haipasuki ovyo, na kwa hiyo ndiyo inayotafutwa kwa glavu. Wasomali wana kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi na mafuta matakoni. Ngozi zake zilivushwa kutoka Berbera mpaka Aden, zikachanganyika na za Yemen na za Uhabeshi, na nyingine zilikwenda mpaka mji wa Gloversville katika jimbo la New York, mji uliojengwa na kushona glavu, na humo zikawa glavu zilizoitwa mocha, kwa jina la bandari ya Yemen. Aden ilikuwa kwa ngozi za mbuzi na kondoo kama Unguja ilivyokuwa kwa karafuu. Hata mshairi wa Kifaransa Arthur Rimbaud, alipoacha ushairi, aliajiriwa Aden mwaka 1880 na kampuni ya Bardey akapelekwa Harar kununua kahawa, ngozi na pembe. Nimewahi kumwazia kijana yule kwenye uwanja wa Harar akigeuza ngozi mezani, na ninatumaini alikuwa na mtu wa kumfundisha.

Mbuzi alipandishwa cheo na kemia. Zamani ngozi zilichakatwa kwa magome ya miti. Magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa nje kwa kazi hiyo, na baadaye ikaja miwati ya Njombe. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York aliandikisha uvumbuzi wake wa kuchakata kwa chumvi za kromu, na katika miaka iliyofuata mji wa Philadelphia ukawa mkuu wa kutengeneza ngozi ya mbuzi iliyong'arishwa, ya kushonea viatu. Viwanda hivyo vilikula ngozi za mbuzi kutoka kila pembe ya dunia. Na ngozi iliyong'arishwa haifichi kitu. Mkwaruzo wa mwiba, alama ya kupe, mkato mdogo wa kisu, vyote vinaonekana kwenye kiatu.

Kwa hiyo turudi kwa mchunaji. Ng'ombe unamchuna kwa kisu, na kisu kizuri kina ncha iliyopinda na kuviringana, si ncha kali ya kuchomea. Mbuzi na kondoo hawachunwi kwa kisu. Unachana mistari ya kwanza tu, kifuani na miguuni, kisha unakiweka kisu chini na kuingiza ngumi kati ya ngozi na mwili, unasukuma kwa vifundo vya vidole huku mkono wa pili unavuta. Kondoo hasa: ngozi yake ina mafuta kati ya matabaka, kisu kikigusa tu kimeingia. Namfundisha kila kijana mpya jambo hilo kwa kuushika mkono wake. Huniambia, "Mama, kwa kisu ni haraka zaidi." Ni kweli. Na yeye analipwa kwa idadi ya wanyama aliowachuna, na mwenye bucha anataka nyama sasa hivi. Hakuna hata mmoja pale anayemlipa kwa ajili ya ngozi.

Kuna sheria nyingine ya baba ambayo sijaivunja. Hakununua ngozi ya kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Mtu akileta ngozi moja ya ng'ombe ambaye hakusikia habari zake, alimwuliza kwa upole, "Kijana wangu, nyama yake imeuzwa bucha gani?" Asiyekuwa na jibu aliondoka na ngozi yake. Sababu ni kimeta. Vijidudu vyake hujigeuza mbegu ngumu zinazokaa kwenye ngozi kavu miaka na miaka, na mchukuzi mwenye kidonda begani anaambukizwa. Kinaanza kipele, kinakuwa kidonda cheusi katikati. Robert Koch alimtambua kijidudu wa kimeta mwaka 1876, wakati wachambua sufu wa Bradford, Uingereza, walikuwa wakifa kwa kuvuta vumbi la sufu na manyoya yaliyotoka nchi za mbali. Mwaka 1911 Alberto Ascoli, Mtaliano, alibuni kipimo cha kutambua kimeta hata kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Sisi minadani tulikuwa na swali la bucha. Nalo linafanya kazi mpaka leo, na namsihi kila mwenye kununua ngozi alitumie.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ununuzi uliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na vikajengwa au kupanuliwa viwanda vya ngozi Mwanza, Morogoro na Moshi. Wazo lilikuwa jema sana: tusiuze ngozi ghafi, tuuze viatu. Morogoro kikajengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kuuza viatu vingi Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Sababu zimeandikwa nyingi, mitambo, vipuri, usimamizi. Mimi natazama upande wangu wa meza. Miaka hiyo baba aliuza kwa bei moja ya kilo, nzuri na mbaya kikapu kimoja, na malipo yakichelewa miezi. Waliokuwa wakiwamba kivulini wakaanza kutandaza chini mbele ya macho yake. Alisema hakuwahi kuona ujuzi unavyosahaulika haraka namna ile. Soko lilipofunguliwa, viwanda vingi vikabinafsishwa, na kadhaa vikafungwa au vikageuzwa maghala.

Siku hizi hali ni hii. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kila siku wanachinjwa, na mbuzi na kondoo juu yao. Tuna sheria ya biashara ya ngozi ya mwaka 2008, yenye leseni na madaraja, na imeandikwa vizuri. Lakini tangu bei ya dunia ilipoporomoka, miaka ya 2014 na 2015 kuendelea, watu wakivaa viatu vya kitambaa na plastiki, kuna machinjio ambayo ngozi hutupwa shimoni. Nimeyaona kwa macho, ngozi nzima za mbuzi zikifukiwa na majivu. Niliumia kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyejua kazi iliyomo ndani ya ngozi moja.

Ngozi inayotupwa ni ile ya daraja la chini. Daraja la kwanza bado lina mnunuzi. Washona viatu na mikoba wa hapa nchini wanaitafuta na hawaipati, nami hupigiwa simu na mafundi wa Dar es Salaam na Arusha wakiuliza ngozi ya mbuzi isiyo na mkato. Wengine wanaagiza kutoka nje, katika nchi yenye mifugo hii yote. Anayeniambia soko limekufa namwomba aje akae na simu yangu kutwa moja.

Kwa hiyo ninachokifanya mimi ni kidogo na kinawezekana. Nina bei za daraja, zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni, na pengo kati ya la kwanza na la tatu nimelifanya liwe kubwa kusudi. Na nje ya bei anayopata mwenye mnyama, namlipa mchunaji fedha yake mkononi kwa kila ngozi ya mbuzi au kondoo iliyotoka bila mkato. Wenzangu waliniambia namharibu. Sasa vijana wale wale waliokuwa wakitoboa wananigombania niwahi kufika. Mmoja alinionyesha ngozi ya kondoo akiwa ameishika juu kwenye mwanga, kabla sijamwomba, akaipitisha polepole mbele ya uso wangu, na akanyamaza akingoja. Nilimpa daraja la kwanza. Alistahili.

Kuwamba tunaendelea kwa zile zinazoletwa kutoka vijijini, lakini za machinjio ya mjini nimehamia kwenye chumvi. Ngozi inaoshwa, inachujwa maji, inatandazwa upande wa nyama juu, inapigwa chumvi ya mawe, kilo moja kwa kila kilo tatu za ngozi, na inawekwa nyingine juu yake. Inakaa mbichi bila kuoza na kiwanda kinaipenda kuliko kavu, maana haina siri: ulichokiona ndicho kilichomo. Ubaya ni gharama. Mwenye machinjio madogo hawezi kununua gunia la chumvi kwa ajili ya kitu ambacho jana alikitupa shimoni.

Ndiyo maana chumvi nainunua mimi, kwa lori, kutoka Uvinza, naigawa kwa mkopo kwenye machinjio ninayonunua, na kuikata kwenye malipo ngozi zikishatoka. Wiki hii magunia yamekwenda mpaka machinjio ya vijijini upande wa Kishapu, na kijana mmoja kutoka bandani kwangu atakaa huko mpaka wachunaji wawe wamezoea vipimo. Mwenye machinjio mkoani kwetu anayetaka kuingia kwenye mpango huu aje bandani asubuhi, kabla ya saa nne, wakati ngozi za usiku zinapokuwa mezani.